Kusikiliza Mara ya Pili

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, kompyuta mbili zilikuwa zimeshawekwa juu ya kaunta, moja ya kijivu na moja nyeusi, na ile nyeusi ilikuwa imefutwa vumbi.

Mchapaji aliliona hilo kabla hajaketi. Duka zima lilikuwa la vitu vilivyotumika: printa zisizo na vifuniko, chaja zilizofungwa pamoja kwa raba, kibodi zilizopangwa wima kama vitabu. Vyote vilikuwa na vumbi. Hata ile kompyuta ya kijivu ilikuwa na gundi kavu pale ilipobanduliwa stika ya mwenye nayo wa zamani.

"Karibuni. Kaka, nimekuwekea kama ulivyosema," fundi wa duka alisema.

"Si mimi, ni yeye," mchumba wa Mchapaji alijibu, akimvutia kiti. "Mimi nimesindikiza tu."

Kazini walimwita Mchapaji kwa sababu ndiyo kazi yake: kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa kioo mwanzoni mwa wiki. Mchumba alitaka kumnunulia mpya. Yeye akakataa. "Kitu cha kazi yangu nanunua mwenyewe," alisema, na mchumba akacheka, akasema basi walau amwonyeshe duka la mtu anayemwamini.

Mchumba huyo, Shangazi yake Mchapaji alikuwa amempa jina la Taratibu. Siku ya kwanza alipofika nyumbani alivua viatu akavipanga vizuri ukutani, akanywa chai yote bila kikombe kugonga kisahani. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi.

Mchapaji alianza na ile ya kijivu. Alikuwa na namna yake ya kuchagua. Hakuuliza mashine ina umri gani wala ilitoka kwa nani. Aliiwasha, akafungua faili refu, akacheza rekodi ya mkutano huku akiandika, akasikiliza kama feni itaanza kulalamika. Akachomoa chaja. Akafungua na kufunga kifuniko kuona kama bawaba zimelegea. Mwisho akaandika aya moja aliyoijua kwa moyo, macho yakiwa ukutani, ili vidole vyenyewe viseme.

"Kibodi nzuri," alisema.

"Hiyo ni kama shemeji yangu," fundi alisema. "Sura hana, lakini kazini haombi ruhusa."

"Na uzito?"

"Uzito nao ni kama wa shemeji."

Mchapaji alicheka. Taratibu alitabasamu, akaisogeza ile nyeusi mbele yake. "Jaribu na hii. Nyepesi. Utakuwa unaibeba kila siku, mpenzi, uonee huruma bega lako."

Alikuwa akimtazama kwa yale macho yake ambayo hayakuwa na pupa, macho ya mtu anayejua kwamba anachokitazama hakiendi popote. Miezi michache nyuma macho hayo yalimfanya asahau alichokuwa akisema. Sasa pia alisahau. Alipapasa juu ya kibodi nyeusi akitafuta kitufe cha kuwashia, akakikosa. Akatafuta nyuma, hakipo.

Mkono wa Taratibu ulipita mbele yake. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa kulia, chini, penye kitufe chembamba kilicholingana na bati lenyewe kiasi cha kutoonekana. Akakibonyeza. Alikuwa bado anamtazama yeye, si mashine.

"Umejuaje?" Mchapaji aliuliza.

"Nimebahatisha."

Fundi aliinama akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mbele yake.

Kompyuta nyeusi ilifanya kila kitu vizuri, ila vitufe vyake vilikuwa vigumu kidogo, na betri ilishuka haraka kuliko ya mwenzake hata pale ilipoachwa bila kazi yoyote. Mchapaji alisema hivyo. Fundi akasema betri za mitumba zina tabia zake.

"Hapa kwangu mtu hanunui kwa kutazama," aliongeza. "Chukua moja, nenda nayo nyumbani, ifanyishe kazi yako. Jumanne unairudisha, au unabaki nayo. Niachie kitambulisho tu."

Mchapaji aliweka kiganja juu ya ile ya kijivu. "Basi nichukue hii."

Mkono wa Taratibu ulikuja juu ya wake. Ulikuwa na joto, mkavu, bila haraka. Haukumvuta. Uliuinua tu mkono wake kama mtu anayeokota kitu chepesi, ukauvusha kaunta, ukaulaza juu ya kifuniko cheusi, ukabaki hapo juu yake.

"Nifanyie hilo," alisema kwa sauti ya chini. "Moja tu."

Akamfanyia.

*

Njiani Taratibu ndiye aliyebeba kompyuta. Watu waliokuwa wakipishana nao waliwaona wachumba waliopendeza, na hawakukosea.

Mchapaji alikuwa ameipenda sauti yake kabla ya sura. Wakati huo Taratibu alikuwa mkaguzi wa hesabu wa kampuni moja, na vikao vyote vya ukaguzi vilikuwa vikirekodiwa na kuletwa kwa Mchapaji aviandike. Kwa wiki nyingi alikaa na sauti hiyo masikioni. Alijua inavyopumua kabla ya swali gumu. Alijua kwamba mkaguzi huyo akishajua mtu anadanganya huwa anaongeza upole. Siku walipokutana kwenye ngazi za ofisi, mwanaume asiyemjua alisema "samahani, dada," na yeye akashika ukuta.

Alimsimulia hayo baadaye. Taratibu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo umenisikiliza mwezi mzima, mimi sijui. Iko siku na mimi nitakusikiliza wewe."

Walicheka sana siku hiyo.

*

Jumapili alasiri Shangazi alikuwa akipiga pasi sebuleni. Mchapaji alikuwa mezani na kazi ya mtu iliyotakiwa Jumatatu, kompyuta nyeusi imefunguliwa, hedifoni shingoni. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo na hakuwa na desturi ya kuongea kwa kuzunguka.

"Unaandika au unamtazama huyo mdudu?"

"Nafikiri, Shangazi."

"Mwezi wa harusi mtu hafikiri. Fikra zote ziliisha uliposema ndiyo."

"Anataka niache kazi za nje. Anasema kazi nitaipokelea nyumbani kwake, kile chumba cha nyuma, nisiwe natoka."

"Kuna ubaya gani? Wenzako wanagombania viti kwenye basi kila asubuhi."

"Hakuna ubaya. Ila naogopa nitakuwa kama ua la plastiki. Linawekwa mezani, linapanguswa vumbi, basi."

Shangazi aliisimamisha pasi. "Ua la plastiki! Mtoto una maneno wewe. Mwanaume hanywi, hapigi kelele, anakupigia simu kila saa kujua umekula. Mimi marehemu mjomba wako alikuwa anasahau hata kama nipo ndani ya nyumba. Unataka yule?"

"Sitaki yule."

"Basi usinitie baridi." Akashika pasi tena. "Na uifunge hiyo, inanitazama."

Mchapaji alikifunga kifuniko nusu. Bati la chini lilikuwa la moto, ingawa tangu mazungumzo yaanze hakuwa ameandika hata neno.

*

Jumatatu mchana Taratibu alipita wakati wa mapumziko ya kazi. Alileta matunda, akamsalimia Shangazi kwa kuinama kidogo kama kawaida yake, akaketi kando ya Mchapaji. Akauliza kompyuta inaendeleaje.

"Betri inakula sana."

"Utaizoea." Alimshika vidole kimoja kimoja, kama anayevihesabu. "Nimekuwa nikifikiria kile chumba cha nyuma. Nitatoboa dirisha kubwa. Sitaki ujione umefungiwa. Mimi sikuoi nikuweke mezani kama ua la plastiki."

Mchapaji hakuvuta mkono. Aliona tu kwamba ulipoa.

"Umesema?"

"Nimesema nakupenda," Taratibu alijibu, akambusu kwenye kiganja, akaaga.

Alipoondoka Mchapaji alikwenda jikoni.

"Shangazi, umeongea na Taratibu tangu jana?"

"Si nimemsalimia mbele yako sasa hivi?"

"Kabla ya hapo. Kwa simu."

"Simu yangu iko kwa fundi tangu juma lililopita. Ningempigia kwa kijiko?" Shangazi alimtazama vizuri. "Una nini? Mbona umekuwa kama umemeza barafu?"

Mchapaji alimwambia. Shangazi akafikiri muda mfupi, kisha akatikisa kichwa.

"Maua ya plastiki yapo kila nyumba. Mtu akiyataja ni ajabu?"

Haikuwa ajabu, na Mchapaji alilikubali hilo. Katika kazi yake neno lililosikika mara moja halikuwa neno bado. Ukilisikia na huna hakika, unaacha nafasi wazi kwenye ukurasa, unaendelea, kisha unarudi nyuma kusikiliza tena. Likija vilevile mara ya pili, ndipo unalijaza. Alikuwa amewafundisha hivyo wachapaji wengine, na alikuwa mkali kwa waliojaza kwa kukisia, hasa kwa kukisia kile walichotaka mzungumzaji awe amesema.

Safari hii alijua alichotaka. Alitaka nafasi ibaki wazi.

Alasiri Shangazi alitoka kwenda kwa jirani. Mchapaji aliketi mbele ya kompyuta nyeusi, akaifungua kifuniko chote. Alichukua simu yake, akaizima, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, ni mimi," aliiambia simu iliyozimwa. "Hapana, hayupo. Sikiliza, kesho saa nne. Ule mgahawa unaotazamana na duka la kompyuta. Hapana, hajui. Hawezi kujua." Alisubiri kama mtu anayejibiwa. "Na mimi pia. Sana."

Ilimbidi aseme maneno ya mwisho kwa sauti ya mapenzi, na hakuwa na sauti ya mapenzi ila moja, ile aliyozoea kumsemesha Taratibu. Aliitumia hiyo.

Jioni Taratibu alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kesho una ratiba gani?"

"Kazi."

"Kazi tu?"

Aliuliza kwa upole zaidi kuliko kawaida. Mchapaji aliusikia upole huo, akafumba macho.

"Kazi tu."

"Haya. Nakupenda."

"Nakupenda na mimi," alisema. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu ilimchukua muda kuikata simu.

*

Jumanne, duka lilipofunguliwa, Mchapaji na Shangazi walikuwa mlangoni. Shangazi alikuwa amekuja kwa sharti moja, akalitaja tangu nyumbani.

"Asipotokea, utamwomba radhi. Si kwa siri. Mbele yangu."

"Nitamwomba."

"Na utapiga magoti."

"Nitapiga, Shangazi."

Fundi alipoiona kompyuta nyeusi kifuani kwa Mchapaji hakuuliza kama ameipenda.

"Hii ilitoka wapi?" Mchapaji aliuliza.

"Ofisini. Ofisi moja ilifunga..."

"Fundi."

Yule bwana aliangalia mlango, akaangalia Shangazi, ambaye alikuwa ameshaweka mkoba wake juu ya kaunta kama mtu aliyekuja kukaa.

"Aliileta yeye," fundi alisema. "Siku moja kabla yenu. Ikiwa imeshawekwa kila kitu. Akasema wewe hupokei zawadi, kwa hiyo niseme ni ya duka, nikupe ujaribu. Nikaona ni mapenzi. Wanaume wengine ndivyo walivyo, wanashtukiza."

"Ulifungua ndani?"

"Alisema nisiiguse. Nilifuta vumbi tu."

Shangazi alisema, "Zawadi si kosa," lakini alisema kama mtu anayejaribu kiti kwanza kabla ya kukikalia.

Mchapaji aliomba kompyuta iunganishwe na mtandao wa duka. Fundi akafanya. Aliiweka kwenye meza ya matengenezo karibu na kioo cha mbele, ikiwa imefungwa. Kioo hicho kilikuwa kimebandikwa matangazo ya zamani, na katikati yake palikuwa na upenyo wa kuona barabara. Ng'ambo kulikuwa na mgahawa wenye meza chache nje, chini ya turubai. Mhudumu mmoja alikuwa akifuta viti. Meza zilikuwa tupu.

Walisubiri. Fundi aliwasha redio, Shangazi akamwambia aizime.

"Amechelewa," Shangazi alisema.

"Saa nne haijafika."

"Mtu mwenye wivu huja mapema. Unaona? Hayuko hivyo."

Kwa mara ya kwanza tangu jana Mchapaji alijiruhusu kuwaza kupiga magoti. Aliwaza Taratibu akimwinua, akimwuliza kuna nini, akicheka. Aliwaza dirisha kubwa la kile chumba. Akawaza kwamba maua ya plastiki yapo kila nyumba.

Kisha akamwona.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa barabara, suti yake ya kazini, bila haraka. Alipita meza ya kwanza na ya pili. Alichagua ya pembeni, akakigeuza kiti, akaketi akiwa ameipa barabara mgongo na uso kwenye mlango wa mgahawa, mahali ambapo angemwona kila aliyeko ndani na yeyote anayeingia. Mhudumu alimletea chai. Alimshukuru kwa kichwa.

"Amekuja kunywa chai," Shangazi alisema.

"Labda."

"Watu wanakunywa chai."

"Wanakunywa, Shangazi."

"Ofisini kwao labda imeisha."

Katika sikio la kulia Taratibu alikuwa na kisikilizi kidogo cheupe. Mara kwa mara alikigusa kwa kidole, akikisukuma ndani kidogo na kuinamisha kichwa. Mchapaji aliijua ishara hiyo. Ndivyo alivyofanya yeye mwenyewe rekodi ilipokuwa na ukimya na hana hakika kama mtu yupo bado chumbani.

Aliketi mbele ya kompyuta nyeusi. Akafungua kifuniko. Kidole chake sasa kilijua kitufe kilipo. Kioo kikawaka, kikaonyesha faili aliloliacha jana, na hakuna kingine. Hakuna taa, hakuna alama, hakuna dirisha lililofunguka. Feni ilianza kuzunguka peke yake.

Ng'ambo ya barabara, Taratibu aliacha kukigusa kisikilizi. Alikuwa ametulia kabisa, mkono wake ukielekea kwenye kikombe.

Mchapaji aliinama hadi mdomo wake ukakaribia kibodi.

"Chai yako inapoa," alisema.

Hakuna kilichotokea. Gari lilipita kati yao. Lilipoondoka, mkono ulikuwa umesimama hewani, nusu ya njia, haujafika kwenye kikombe wala haujarudi.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Pumzi yake ilisikika.

"Inaweza kuwa bahati," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayebisha tena. Alishika bega la Mchapaji, akalibana. "Rudia."

Fundi aliweka bisibisi chini. Kwenye kaunta, kompyuta ya kijivu ilikuwa bado mahali pale pale ilipoachwa Jumamosi, na gundi yake kavu.

Mchapaji alitazama ule mgongo alioujua. Alitumia sauti ileile, ile moja.

"Geuka, mpenzi."

Mkono ulishuka mezani. Kidole kimoja kikapanda hadi sikioni, kikagusa, kikabaki hapo. Halafu, ng'ambo ya barabara, bila haraka yoyote, Taratibu aligeuka.